Nimepata ufadhili wa kutafiti haki ya kuandamana, baba na mwajiri wangu hawataki

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 28, mzaliwa wa Tukuyu, na kwa sasa ninaishi Mbeya mjini ambako nimeajiriwa katika ofisi ya mawakili. Shahada ya sheria niliisomea Iringa, kisha nikapitia Shule ya Sheria Dar es Salaam, na hatimaye nikaapishwa kuwa wakili. Tangu nikiwa chuoni nimekuwa nikivutiwa na sheria ya katiba, hasa Ibara ya 20 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, inayompa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa hiari na kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Ofisini kwetu, hata hivyo, kazi zangu ni mirathi, migogoro ya mashamba na mikopo ya benki, na ninaona wazi kwamba nikiendelea hivi nitazeeka bila kuigusa kazi niliyoipenda.

Miezi michache iliyopita niliomba nafasi ya utafiti wa muda mfupi katika taasisi moja ya nje ya nchi inayoshughulikia haki ya kuandamana na sheria ya katiba, na nikachaguliwa. Ufadhili ni wa miezi minne. Sehemu ndogo ya muda huo nitakuwa kwao, nikitumia maktaba yao na kukutana na watafiti wengine, na muda uliobaki nitafanya kazi nikiwa hapa nyumbani. Watanilipia tiketi na posho ya kujikimu, na wao wanatarajia makala moja ya kitaaluma pamoja na wasilisho mbele ya watafiti wenzangu.

Furaha yangu haikudumu. Mwajiri wangu, ambaye ni mtu mwema na amenifundisha mengi, amesema kwamba ofisi haiwezi kuhusishwa na mada hiyo, na kwamba kama ninataka kwenda basi nichague mada nyingine au niache kazi. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hayo ni mambo ya siasa, na mwaka huu watu wamezika watoto wao." Tangu siku hiyo kila nikipiga simu nyumbani ananiuliza kama nimeshawaandikia wale watu kuwakatalia.

Kuna na jambo la tatu. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliwahi kukamatwa akiwa njiani kwenda kwenye mkusanyiko wa vijana, akashikiliwa, kisha akaachiwa bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Mpaka leo hajarudishiwa simu yake. Amekubali kunisimulia kila kitu, na amesema hata jina lake niliandike. Nilikuwa nimepanga simulizi yake iwe kiini cha makala yangu, kwa sababu msimamizi wangu wa huko nje anataka "sauti za watu wa mitaani". Msimamizi huyohuyo amependekeza pia nilinganishe Tanzania, Kenya na Afrika Kusini, na kichwa cha mada kilichoandikwa kwenye mkataba ni "Haki ya kuandamana barani Afrika". Mkataba huo bado sijausaini, na muda wa kujibu unakaribia kuisha.

Nishauri, Mama. Je, niipokee nafasi hii? Na kama nikiipokea, nitaifanyaje bila kumvunja moyo baba yangu, bila kupoteza riziki, na bila kumweka mdogo wangu hatarini?

Wakili kijana, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuchaguliwa, kwa maana naona katika barua yako pongezi hizo bado hakuna aliyekupa.

Ushauri wangu ni kwamba uipokee nafasi hiyo, lakini usiipokee kwa mada ilivyoandikwa kwenye mkataba. "Haki ya kuandamana barani Afrika" ni kazi ya miaka mingi na ya watu wengi, na mtu aliyepewa miezi minne akiikubali atajikuta anakusanya maneno ya jumla ambayo tayari yapo katika vitabu vya wengine. Ukiipunguza mada yako mpaka ibaki swali moja linaloweza kujibiwa kwa nyaraka zilizo wazi, sehemu kubwa ya hofu ulizonieleza itapungua pamoja nayo, ya baba, ya mwajiri na hata ya huyo mdogo wako, na ndiyo maana nitakaa kwenye jambo hili kwa muda mrefu kuliko mengine.

Wewe ni wakili, kwa hiyo kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu unaifahamu. Mtikila, mwanasiasa mwenye asili ya Ludewa katika nyanda zetu hizihizi, alifungua shauri hilo Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akaamua, pamoja na mambo mengine, kwamba masharti ya kumtaka mtu apate kwanza kibali ndipo afanye mkutano au maandamano yalikuwa yanakwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu haki iliyotolewa na Katiba haiwezi kugeuzwa kuwa fadhila ya ofisa. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, hakimtaki mwananchi aombe kibali. Kinamtaka atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo husika, si chini ya saa 48 kabla ya mkusanyiko, na kinasema kwamba akishatoa taarifa hiyo anaweza kuendelea kama alivyopanga, isipokuwa kama atapewa amri ya kumzuia. Sheria ya Vyama vya Siasa nayo ina masharti yake ya taarifa kwa vyama. (Hakikisha namba za vifungu katika Toleo la Urekebu la mwaka 2023 kabla hujaziandika kwenye makala.)

Hivyo ndivyo sheria inavyosema. Lakini msikilize kiongozi yeyote wa chama, wa kikundi cha wakulima au wa umoja wa wafanyabiashara wadogo pale Mwanjelwa, na utamsikia akisema kwamba "tuliomba kibali, tukanyimwa". Gazeti litaandika hivyohivyo, na maofisa nao wanazungumza hivyohivyo. Hapa ndipo ninapoona kuna kazi ambayo mtu wa Mbeya anaweza kuifanya vizuri kuliko mtafiti wa mbali: zaidi ya miaka 30 baada ya hukumu ya Mtikila, taarifa ya saa 48 inapokelewaje, inajibiwaje, na ni katika hatua ipi inageuka tena kuwa ombi la kibali?

Na tazama mwaka 2024 peke yake unavyokupa jambo la kulinganisha bila hata kuvuka mpaka wa nchi. Januari 24 mwaka huo CHADEMA walifanya maandamano Dar es Salaam, polisi wakiwepo, na yakamalizika kwa amani. Agosti mwaka huohuo, vijana wa chama hichohicho walipopanga kukusanyika Mbeya tarehe 12, Siku ya Kimataifa ya Vijana, Jeshi la Polisi lilipiga marufuku mkusanyiko huo likieleza kwamba kulikuwa na viashiria vya uvunjifu wa amani, na mamia ya watu wakakamatwa, wakiwemo viongozi wa juu wa chama. Katiba ilikuwa moja, kifungu cha sheria kilikuwa kimoja, na bado matokeo yalipishana kabisa. Kazi ya mtafiti si kupiga kelele kuhusu tofauti hiyo, bali kuuliza ni sababu gani zilizoandikwa katika amri ya zuio, je, sababu hizo zinaangukia ndani ya zile ambazo sheria inamruhusu ofisa kuzitumia, na mtu asiyeridhika na amri hiyo anakata rufaa kwa nani na kwa muda gani, ikizingatiwa kwamba maandamano ya kesho hayawezi kusubiri rufaa ya mwezi ujao.

Nyuma yake kuna historia nyingine fupi ambayo haifai kuachwa. Katazo la mikutano ya hadhara ya vyama lililoanza mwaka 2016 lilitokana na agizo, wala si sheria mpya iliyotungwa na Bunge, na liliondolewa vilevile kwa tamko, Rais Samia Suluhu Hassan alipolitangaza Januari 3, 2023. Kwa mwanasheria wa katiba, haki inayofungwa kwa tamko na kufunguliwa kwa tamko ni jambo la kusimama nalo, kwa sababu Ibara ya 30 ya Katiba inazungumzia mipaka inayowekwa kwa sheria. Usiache pia kipimo ambacho Mahakama yetu ya Rufani ilikiweka mwaka 1993 katika shauri la Kukutia ole Pumbun: sheria inayobana haki ya msingi haitasalimika mpaka iwe si ya kiholela, iweke kinga za kutosha dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka, na isibane zaidi ya kile kinachohitajika ili kufikia lengo halali. Ninasisitiza kipimo hiki kwa sababu vijana wetu wanapokwenda nje hurudi wakinukuu mahakama za Ulaya kwa ufasaha, na hukumu zilizoandikwa Arusha na Dodoma wanazitaja kwa mstari mmoja tu.

Kuhusu kulinganisha nchi tatu, mweleze msimamizi wako kwa heshima kwamba utachukua nchi moja, na mimi ningekushauri uichukue Zambia. Uko karibu na Tunduma, mpakani mwetu na Zambia, kuliko mwanafunzi yeyote wa taasisi hiyo, na nchi hizi mbili zilirithi sheria za mikusanyiko kutoka kwa mkoloni mmoja. Tena Mahakama ya Juu ya Zambia, katika kesi ya Mulundika katikati ya miaka ya 1990, ilibatilisha sharti la kibali kama alivyofanya Lugakingira, na Bunge lao mwaka 1996 likaweka sharti la taarifa ya siku saba. Kwa hiyo una majirani wawili waliopita njia moja karibu wakati mmoja, wakatofautiana kwenye urefu wa taarifa, na unaweza kuuliza kama tofauti hiyo imebadilisha chochote. Kenya na Afrika Kusini zitaje pale tu zinapokusaidia, kwa mfano kesi ya Mlungwana ya mwaka 2018, ambapo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema kwamba kumfanya mtu mhalifu kwa sababu tu aliitisha mkusanyiko bila kutoa taarifa ni kinyume cha katiba yao. Ukiitumia pamoja na maoni ya jumla namba 37 ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2020, yanayokataa taarifa kugeuzwa kuwa ruhusa, utakuwa na msingi wa kutosha wa kimataifa.

Sasa nyaraka. Hukumu nyingi utazisoma bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, na nyingine utaziomba masjala ya Mahakama Kuu. Lakini hazina ambayo sijaona wengi wakiigusa iko katika mafaili ya walioandika taarifa hizo. Omba kuona barua yenyewe: tarehe iliyoandikwa juu, muhuri wa kituo unaosema imepokelewa, saa iliyoandikwa kwa kalamu pembeni ya muhuri, jina la cheo cha aliyepokea, kisha barua ya majibu na saa iliyofika. Kutoka kwenye karatasi mbili kama hizo utaweza kuhesabu ni saa ngapi mwandaaji alibaki nazo baada ya kuzuiwa, na kama alipewa sababu au alipewa sentensi moja tu. Usiishie kwa vyama vya siasa. Tafuta na wakulima wa chai, wanafunzi, akina mama wa vikundi, maana uhuru wa Ibara ya 20 haukuandikwa kwa ajili ya wagombea. Nenda na upande wa polisi pia, kwa barua rasmi kwa kamanda wa mkoa, uombe kuzungumza na maofisa wanaopokea taarifa hizo, kwa sababu nao wana hoja zao juu ya uchache wa askari na ukubwa wa maeneo, na makala isiyowasikia itakuwa na pengo ambalo msomaji makini ataliona mara moja.

Nimefika kwa mdogo wako, na hapa sitazunguka. Usimtumie.

Najua amekubali, na najua nia yako ni njema. Lakini ridhaa ya ndugu si ridhaa huru, kwa maana kijana anayemwona dada yake amefika mbali hawezi kumnyima kitu alichomwomba. Hata ukimbadilisha jina, wewe unajulikana na ukoo wenu unajulikana, na kwa mji wa ukubwa wa Mbeya itamchukua mtu dakika chache kujua ni nani aliyesimulia. Jina lake likishachapishwa huwezi kulirudisha, na wewe utakuwa umemaliza ufadhili wako wakati yeye bado anapita mitaa ileile kila siku. Kitaaluma nako, makala iliyojengwa juu ya simulizi ya ndugu wa mwandishi itapuuzwa na wasiopenda hoja yake. Msikilize nyumbani kama dada yake, mshauri kama wakili juu ya kudai ile simu yake, na uache alichokueleza kikufundishe maswali ya kuuliza kwenye nyaraka. Kiishie hapo.

Kama unahitaji kuonyesha gharama ya mikusanyiko inayosimamiwa vibaya, kumbukumbu za wazi zipo. Sisi wa Iringa hatujasahau Septemba 2, 2012, siku ambayo mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, wakati polisi walipokuwa wakizuia shughuli za chama cha siasa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kumuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Mwenendo wa shauri lile ni ushahidi uliotolewa kwa kiapo na ukahojiwa na pande zote mbili, na hakuna mtu mpya utakayemweka hatarini kwa kuusoma. Hizo pia ni sauti za watu, na mweleze hivyo msimamizi wako.

Ikiwa bado utahoji watu wachache, jiwekee masharti kabla hujaanza: usiandike majina kwenye daftari wala kwenye simu, usirekodi sauti bila sababu ya lazima, na usipeleke nje ya nchi taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa hizo. Iulize taasisi kwa maandishi ni nani atakayemiliki mahojiano hayo baada ya miezi minne. Wasipokuwa na jibu, usihoji mtu yeyote. Waulize pia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, mapema kuhusu kibali cha utafiti, na kwa ofisi za serikali utahitaji barua ya utambulisho.

Baba yako, mwanangu, hajakosea kuogopa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalizuka katika miji kadhaa ya nchi hii, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, na wazazi wakakaa bila kujua watoto wao wako wapi. Mzazi aliyepita katika siku zile hawezi kusikia maneno "haki ya kuandamana" kutoka kinywani mwa binti yake na kuyachukulia kama kichwa cha makala. Kwa hiyo usibishane naye kwa simu. Panda gari uende Tukuyu, ukae naye, na umpelekee andiko lako likiwa limefupishwa kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, alisome mwenyewe kama alivyokuwa akisoma kazi za wanafunzi wake. Ataona kwamba unakwenda kukaa masjala ukisoma hukumu na barua, na kwamba hujaitwa kuongoza msafara wa watu barabarani. Usimwambie kwamba hakuna hatari yoyote, kwa sababu hilo si kweli na yeye atajua si kweli. Mwambie utakachofanya na usichofanya, mkubaliane ni nani atapigiwa simu ukichelewa kurudi, na mpe namba ya wakili mwenzako anayejua ratiba yako. Pengine atakubali shingo upande. Akikataa kabisa, mimi ningekuambia uendelee, kwa adabu, bila kumficha, kwa sababu wewe ni mtu mzima na kazi hii ni halali kwa mujibu wa Katiba ileile aliyokuwa akiwafundisha watoto katika somo la uraia.

Kwa mwajiri wako mambo ni mepesi kidogo. Yeye ana wajibu wa kulinda ofisi na wateja wake, na unaweza kumpa anachohitaji bila kuacha mada. Mwandikie barua ukieleza kwamba utafiti ni wako binafsi, kwamba jina la ofisi halitaonekana popote, kwamba hutagusa faili la mteja yeyote wala shauri lolote ambalo ofisi inalisimamia, na kwamba mashauri yanayoendelea mahakamani hutayatolea maoni. Omba likizo yako ya mwaka, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni siku 28, uitumie kwa safari, na kwa muda uliobaki pendekeza likizo isiyo na malipo au kufanya kazi nusu siku. Likizo isiyo na malipo ni ya makubaliano, hawezi kulazimishwa. Lakini mpe pendekezo lililoandikwa, lenye tarehe za kuanza na kumaliza, na mpe siku chache za kulitafakari. Alikuwekea machaguo mawili kwa sababu hakuonyeshwa la tatu. Akibaki na msimamo wake, piga hesabu ya posho, kodi ya nyumba na wanaokutegemea kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, na usiache kazi kwa kutegemea fedha ambayo mkataba hausemi italipwa lini. Ikiwa posho inalipwa mwishoni, omba ilipwe kwa awamu.

Jambo lililobaki ni la wiki hii. Kabla hujasaini, waandikie taasisi barua fupi yenye maombi matatu: kichwa cha mada kibadilishwe kiwe kuhusu utekelezaji wa sharti la taarifa ya saa 48 katika Nyanda za Juu Kusini, ukiilinganisha Tanzania na Zambia, mahojiano yasiwe sharti la lazima, na uruhusiwe kuchapisha muhtasari wa Kiswahili wa makala yako hapa nchini. Hili la tatu lidai kwa nguvu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na watu wanaoandika zile taarifa za saa 48, pamoja na maofisa wanaozipokea, wataisoma kazi yako kama itaandikwa kwa lugha wanayoandikia barua hizo. Taasisi makini itakubali yote matatu, na huenda ikafurahi kupata mtafiti anayejua mipaka ya muda wake. Wakikataa kubadilisha kichwa cha mada, niandikie tena kabla ya kuwajibu.